Kuipima Chapa ya Nguo Ukiwa Mtwara au Lindi: Hatua kwa Hatua

Malipo ya korosho yakianza kuingia mwishoni mwa mwaka, maduka ya nguo ya Mtwara mjini, Masasi, Newala na Lindi hujaa watu. Kuna sare za shule za Januari, vitenge vya harusi, nguo mpya za wali wanaotoka jandoni na unyagoni. Siku hizi wengi huagiza Kariakoo kupitia Instagramu, mzigo ukapanda basi na kushushwa stendi ya huku. Pesa inayolipwa ni ya jasho. Mwongozo huu ni wa yule ambaye, kabla ya kuitoa, anataka kujua kama nguo imeshonwa na mtu aliyelipwa sawasawa, na kama kuitengeneza hakukuharibu maji na ardhi ya watu wengine.

Sisi wa kusini tuna sababu yetu ya kuuliza. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, kwenye milima ya Matumbi wilayani Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima chini ya utawala wa Wajerumani. Hapo ndipo Vita vya Majimaji vilipoanza, vikaenea kusini hadi 1907. Pamba ile ilitakiwa na viwanda vya nguo vya Ulaya, na aliyevaa shati kule hakujua lolote kuhusu Nandete. Kwangu mimi, maswali ya Wamatumbi wale ndiyo ya kuiuliza chapa yoyote leo: nani anafanya kazi hii, analipwa nini, na je, anaweza kukataa? La tatu ndilo zito kuliko yote, na hatua nyingi hapa chini ni njia mbalimbali za kulitafutia jibu.

Utahitaji simu yenye intaneti, daftari na kiberiti. Taarifa nyingi za chapa za nje zimeandikwa kwa Kiingereza. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu inatosha kukupa maana.

Hatua ya 1: Mjue mwenye jina

Jina la kifuani si lazima liwe la aliyeshona. Chapa nyingi kubwa duniani hazimiliki viwanda vya kushonea. Zinabuni, zinatangaza na kuuza, na ushonaji unapewa wenye viwanda Bangladesh, Vietnam, Pakistan, Kambodia, Uturuki au Ethiopia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika daftarini majina mawili: la anayeuza na la aliyetengeneza. La pili likikosekana, acha nafasi wazi, utairudia.

Kwa kanga na vitenge, geuza kitambaa usome ukingo. Kwenye kanga, jina la mwenye mchoro na namba yake huchapwa pembezoni. Wengi wanaijua ile ya "Mali ya Abdulla" ya Mombasa. Angalia tu usichanganye mfanyabiashara aliyeagiza na kiwanda kilichochapa, maana kanga nyingi zenye jina la mfanyabiashara wa pwani hii zimechapwa India. Kwenye kitenge, jina la Vlisco, kiwanda cha Helmond huko Uholanzi, hughushiwa sana. Ukikuta jina hilo kwenye kitenge kinachouzwa bei ya chini kabisa sokoni, huna cha kupima hapo: aliyekitengeneza amejificha nyuma ya jina la mwingine, na aliyejificha hawezi kuulizwa kuhusu wafanyakazi wake.

Mitumba ina njia yake, tena nzuri kuliko watu wanavyodhani. Nguo nyingi zilizouzwa Marekani zina herufi RN zikifuatiwa na namba kwenye lebo ya ndani. Hiyo ni namba ya usajili inayotolewa na Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, nayo ina ukurasa wa wazi wa kutafutia. Ukiingiza namba, unapata kampuni iliyosajiliwa hata kama jina la chapa ni geni kwako.

Kwa duka la mtandaoni, omba picha. "Dada, naomba unipigie lebo ya ndani, ile ya ubavuni, pande zote mbili." Muuzaji mwenye nia njema atapiga. Nguo iliyokatwa lebo, au iliyoshonewa lebo mpya juu ya shimo la lebo ya zamani, mimi huiacha.

Hatua ya 2: Soma lebo, kisha ijaribu kwa moto

Lebo ya ubavuni inapaswa kukupa malighafi kwa asilimia na nchi ilikoshonwa. Nchi hiyo ni ya ushonaji tu. Pamba inaweza kulimwa Simiyu, ikasokotwa kwingine, ikafumwa na kutiwa rangi nchi ya tatu, na lebo ikataja ya nne.

Asilimia unaweza kuzihakiki mwenyewe nyumbani. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibanio juu ya sahani yenye mchanga, uwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanasagika. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, hutoa harufu kali ya plastiki, na hubaki kidonge kigumu cheusi. Viskosi, ile rayoni laini ya magauni, huungua kama pamba kwa sababu nayo imetoka kwenye mti, kwa hiyo moto hautakutofautishia hizo mbili. Mchanganyiko huwaka na pia huacha vidonge.

Jaribio hili linapima zaidi ya kitambaa, linapima ukweli wa muuzaji. Chapa inayokuandikia pamba asilimia 100 na uzi ukayeyuka imedanganya jambo dogo unaloweza kulihakiki kwa kiberiti. Hayo makubwa ya kiwandani utayaaminije?

Hatua ya 3: Tafuta orodha ya viwanda

Mkulima wa korosho anapopeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, hupimiwa, hupewa daraja na stakabadhi, na gunia lake linaweza kufuatiliwa hadi ghala kuu na mnada. Nguo nayo ina njia: shamba, kinu cha kuchambua, kiwanda cha nyuzi, cha kufuma, cha kutia rangi, cha kushona. Chapa inayojali inaweza kukuonyesha njia hiyo. Isiyojali inakuonyesha duka.

Fungua tovuti ya chapa, nenda chini kabisa ya ukurasa, tafuta orodha ya wanaowatengenezea. Si jambo la ajabu kuidai: Nike na Levi Strauss, ambazo nguo zake zimejaa kwenye mitumba yetu, zilianza kutangaza majina ya viwanda vyao 2005. Orodha nzuri ina jina la kiwanda, mahali, idadi ya wafanyakazi, na tarehe ya kuandikwa upya. Iliyo bora zaidi inakwenda nyuma ya ushonaji, hadi wanaotia rangi na wanaosokota nyuzi, kwa sababu huko ndiko kwenye kemikali na maji machafu. Chapa nyingi huishia kwenye ushonaji.

Usipoipata, ingia Open Supply Hub, ramani ya bure ya viwanda duniani. Unaweza kutafuta kwa jina la kampuni au kwa nchi. Jaribu na Tanzania uone vilivyoorodheshwa.

Kuna pia ripoti ya Fashion Revolution inayopima uwazi wa chapa kubwa. Ya 2023 ilikagua chapa 250, na wastani wa alama ulikuwa asilimia 26. Soma alama hizo kwa akili: zinapima kiasi cha habari kilichotolewa, hazipimi wema. Chapa inaweza kusema wazi kwamba hailipi mshahara wa kutosha na ikapata alama kwa kusema.

Hatua ya 4: Mishahara, saa, na haki ya kukataa

Kaa hapa kuliko popote pengine. Nimeona miongozo mingi ikianza na chupa za plastiki na miti, ikamaliza na binadamu kwa sentensi moja. Naona ni kugeuza mambo kichwa chini.

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la ghorofa nane la Rana Plaza, Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Ghorofa za chini kulikuwa na benki na maduka; hao walifunga, na kesho yake hawakurudi. Ghorofa za juu kulikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo za chapa za Ulaya na Amerika. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaanguka, wakafa watu 1,134. Nyufa zilikuwa zile zile kwa mfanyakazi wa benki na kwa mshonaji. Aliyekosa uwezo wa kukataa ndiye aliyekuwa ndani.

Kwa hiyo unapoisoma tovuti ya chapa, tafuta dalili za uwezo huo. Ya kwanza ni chama cha wafanyakazi. Je, chapa inasema ni viwanda vingapi vina chama huru, au vina mkataba wa pamoja uliojadiliwa? Maneno kama "tunaheshimu haki ya kujumuika" bila idadi hayana uzito. Ya pili ni mkataba wa usalama. Baada ya Rana Plaza chapa zaidi ya 200 zilitia saini na vyama vya wafanyakazi Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo wa Bangladesh, unaobana kisheria. Tangu 2021 unaitwa Mkataba wa Kimataifa, na 2023 ukaanza pia Pakistan. Majina ya waliotia saini yako wazi mtandaoni, kwa hiyo chapa inayoshona nchi hizo ama imo ama haimo. Ni swali la dakika mbili.

Ya tatu ni mshahara, na hapa mtego uko kwenye maneno "tunafuata sheria ya nchi". Kima cha chini cha sheria na mshahara unaotosha kuishi ni vitu viwili. Bangladesh ilipandisha kima cha chini cha washonaji hadi taka 12,500 kwa mwezi kuanzia Desemba 2023, baada ya maandamano ambayo wafanyakazi walikuwa wakidai 23,000. Ethiopia haina kima cha chini kwa sekta binafsi. Mwaka 2019 mshahara wa kuanzia kwenye eneo la viwanda la Hawassa, lililokuwa likishonea chapa maarufu, ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi. Kulipa hivyo si kuvunja sheria yoyote. Chapa ya kuaminika hutaja kiwango inachokiita cha kutosha, jinsi ilivyokikokotoa, na ni viwanda vingapi vimekifikia. Ikitaja "lengo" bila mwaka, andika daftarini: haijajibu.

Kwa saa za kazi tunacho kipimo chetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, malipo ya ziada ni mara moja na nusu, na likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo. Kanuni za chapa nyingi za nje huruhusu hadi saa 60 kwa wiki pamoja na ziada. Soma kanuni hizo ukiwa na sheria yetu mkononi, ujiulize kama ungekubali dada yako afanye kazi chini yake.

Kampuni zinazofanya biashara Uingereza zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zinatakiwa, chini ya sheria ya 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa, kutoa taarifa kila mwaka. Tafuta ya mwaka huu na ya miaka miwili nyuma, uziweke sambamba. Ukikuta aya zimenakiliwa neno kwa neno na tarehe tu ndiyo imebadilishwa, hakuna kazi iliyofanyika. Taarifa ninayoiheshimu ni ile inayokiri: tulikuta watoto kiwanda fulani, tulikuta pasipoti zimeshikiliwa, tukafanya hili na lile. Minyororo mirefu ya watengenezaji haikosi matatizo, na anayesema hajaona hata moja hajatafuta.

Hatua ya 5: Pamba, mafuta na rangi

Uliza pamba imelimwa wapi. Uzbekistan kwa miaka mingi iliwalazimisha walimu, wauguzi na wanafunzi kwenda kuvuna pamba ya serikali. Chapa zaidi ya 300 ziliahidi kutoitumia, na baada ya Shirika la Kazi Duniani kukuta kwamba ulazimishaji wa kimfumo umekwisha katika mavuno ya 2021, ususiaji huo ukaondolewa Machi 2022. Hilo linaonyesha kuwa kususia kwa pamoja kunaweza kubadili nchi. Kwa pamba ya Xinjiang, China, Marekani ina sheria iliyoanza kutumika Juni 2022 inayochukulia kwamba bidhaa za huko zimetokana na kazi ya kulazimishwa hadi mwagizaji athibitishe vinginevyo. Chapa isiyojua pamba yake inatoka wapi haiwezi kukuambia kama imo au haimo.

Kuhusu maji, utakutana kila mahali na takwimu ya lita 2,700 kwa fulana moja. Ni makadirio ya wastani, na mahali pamba inapolimwa huleta tofauti kubwa. Pamba ya umwagiliaji ya Asia ya Kati ilichangia kuikausha Bahari ya Arali. Pamba ya Tanzania, ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, hulimwa kwa mvua. Nchi yetu pia ni miongoni mwa wazalishaji wa pamba hai, yaani iliyolimwa bila kemikali za viwandani, hasa upande wa Meatu. Sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi tu, kisha tunanunua kitambaa kutoka nje. Ukipata nguo iliyosokotwa na kufumwa humu nchini kwa pamba yetu, mpe muuzaji alama, mradi anaweza kutaja kiwanda.

Poliesta hutokana na mafuta ya petroli na sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Kila inapofuliwa hutoa vijinyuzi vya plastiki, na maji ya kufulia ya Mikindani na Lindi mjini hayapiti mbali kabla ya kufika baharini. Kwa joto la huku, nguo hiyo pia inamchosha mvaaji. Siipigi marufuku, sare ya shule yenye mchanganyiko hudumu, na kudumu nako ni fadhila kubwa. Lakini chapa inayojisifu kwa poliesta ya chupa zilizorejelewa ijibu swali moja: nguo hiyo ikichakaa inakwenda wapi? Chupa inaweza kuwa chupa tena. Fulana ya mchanganyiko kwa kawaida huishia jalalani.

Jinzi zilizopauka mapajani zina swali lake. Zamani sehemu hiyo ilipaushwa kwa kupigwa mchanga kwa hewa ya nguvu, na vumbi lake liliwaharibu wafanyakazi mapafu kiasi cha kuwaua. Uturuki ilipiga marufuku mwaka 2009. Chapa yoyote ya jinzi inapaswa kusema wazi kwamba haitumii njia hiyo na kwamba viwanda vyake vinakaguliwa.

Hatua ya 6: Kila cheti kina mipaka yake

Nembo kwenye lebo zinababaisha kwa sababu kila moja inathibitisha jambo tofauti. OEKO-TEX Standard 100 inathibitisha kwamba nguo yenyewe imepimwa kemikali zenye madhara kwa mvaaji. Haisemi lolote kuhusu mshahara. GOTS inahusu nyuzi za kilimo hai na inagusa kemikali za kiwandani na haki za wafanyakazi. Inataka angalau asilimia 70 ya nyuzi hai, na asilimia 95 kwa daraja la juu. Fairtrade kwa pamba inamlenga mkulima, bei yake na nyongeza ya jamii. Better Cotton kwa muda mrefu ilifuata hesabu ya ujumla: chapa inalipia kiasi fulani cha pamba nzuri, lakini iliyo kwenye shati lako inaweza kuwa nyingine kabisa. Cotton made in Africa, iliyoanza 2005, inahusisha wakulima wadogo wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo.

Hakiki namba. Lebo halali ya GOTS ina jina la taasisi iliyothibitisha na namba ya leseni. OEKO-TEX nayo ina namba unayoweza kuiingiza kwenye tovuti yao. Nembo bila namba ni mchoro tu.

Na hata namba ikiwa halali, usilale. Tarehe 11 Septemba 2012 moto ulizuka kiwanda cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, ukaua watu zaidi ya 250. Wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kinachohusu hasa hali ya wafanyakazi. Ndiyo maana mimi huweka chama cha wafanyakazi juu ya cheti chochote: mkaguzi huja na kuondoka, mfanyakazi yupo kila siku na anajua mlango gani umefungwa kwa kufuli.

Hatua ya 7: Chuja maneno ya kijani

Hii ni fupi. Chukua kila sentensi ya sifa na uulize: kiasi gani, tangu lini, nani amehakiki? "Rafiki wa mazingira", "asilia" na "endelevu" bila majibu hayo, futa. Umoja wa Ulaya umepitisha agizo la kuzuia madai ya jumla ya namna hiyo yasiyo na ushahidi, linaloanza kutumika 27 Septemba 2026, kwa hiyo tegemea kuona baadhi ya chapa zikibadilisha lugha. Angalia pia kama sifa zote zinahusu mkusanyiko mmoja mdogo wa nguo huku maelfu ya nyingine yakipakiwa kila wiki. Chapa inayotoa mitindo mipya kila siku kwa bei ya soda chache haiwezi kuwa inamlipa mshonaji ipasavyo. Hesabu ya kitambaa, usafiri na faida haimwachii nafasi.

Ukitaka njia ya mkato kwa chapa za nje, Good On You ni programu ya bure ya Australia inayopanga chapa kwa madaraja matano, kwa kuangalia watu, mazingira na wanyama. Itumie kama pa kuanzia, kisha rudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Mitumba, fundi na batiki

Mitumba haimpi pesa mwenye chapa, kwa hiyo jina la kampuni lina uzito mdogo. Hapo pima zaidi uimara. Vuta mshono kwa mikono miwili, angalia kitambaa dhidi ya mwanga, lowesha kitambaa cheupe usugue rangi. Nguo za ndani za mitumba ziache kabisa, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za afya. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani. Marekani ilipotishia kupitia upya nafuu za AGOA, sheria yake ya kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, Rwanda ndiyo iliyoshikilia, ikaondolewa nafuu ya mavazi 2018. Watu wema wametofautiana kuhusu hilo. Mimi nasema mtumba unaovaliwa miaka mitano ni bora kuliko fulana mpya inayochanika kabla ya mvua za pili, ila belo lenye nusu ya takataka ni mzigo wa jalala letu, na mwenye belo anajua alichonunua.

Fundi wa mtaani naye ni mtengenezaji, basi apimwe kwa haki ile ile. Ukifika, msalimie, kama ni mzee mpe shikamoo yake, kisha uliza bila kumpeleleza: "Fundi, hawa vijana unaowafundisha unawalipa kwa nguo au kwa mwezi?" "Vipande vinavyobaki vinakwenda wapi?" Wengi watakujibu wazi, na utajua mengi kuliko ripoti ya kurasa 80. Kumbuka kwamba bei unayomkandamiza wewe ndiyo anayomkandamiza mwanafunzi wake. Ukimpunguzia fundi elfu tano kwenye sare ya harusi, hukumpunguzia yeye peke yake.

Watengenezaji wa batiki hutumia kostiki soda na haidrosulfaiti pamoja na rangi. Kostiki inaunguza ngozi na macho. Uliza kama wanavaa glavu za mpira, viatu vilivyofunika miguu na kitu cha kuzuia mvuke, na kama maji ya rangi yanamwagwa shimoni mbali na kisima. Kikundi chenye glavu zilizochakaa kwa kutumika kinanipa imani kuliko chenye bango la kijani mlangoni.

Hatua ya 9: Andika, na agizeni kwa pamoja

Sasa rudi kwenye nafasi ulizoacha wazi daftarini. Waandikie chapa kwenye ukurasa wao, kwa maneno machache:

"Habari. Mimi ni mnunuzi, niko Mtwara, Tanzania. Nguo hii yenye namba hii ilishonwa kiwanda gani na mji gani? Mshahara wa chini kabisa hapo ni kiasi gani kwa mwezi? Je, kuna chama huru cha wafanyakazi? Naomba majibu ya maswali yote matatu."

Wape wiki mbili. Jibu lenye jina la kiwanda na kiasi cha mshahara ni jibu. Jibu lenye kiungo cha ukurasa wa jumla ni kukwepa, na kimya ni kukwepa pia. Ukitaka kuandika uzoefu wako kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, weka picha ya ulichoandika na ulichojibiwa, usiongeze tuhuma usizoweza kuzithibitisha.

Mtu mmoja anayenunua shati moja ana sauti ndogo. Huku kwetu wenye sauti ni wanaoagiza kwa wingi: AMCOS inayotaka fulana za mkutano mkuu, kwaya, kikoba, kamati ya harusi, shule inayochagua mshonaji wa sare. Katibu anapoomba bei kwa wauzaji watatu, aongeze masharti matatu kwenye barua ile ile: jina la kiwanda cha kitambaa, mahali pa kushonea, na ruhusa ya wanachama wawili kufika karakana kazi ikiendelea. Malipo ya awali yatolewe baada ya kupata majina. Salio litolewe baada ya wawili hao kufika, wakaongea na washonaji bila mwenye karakana kusimama karibu, na kuandika nusu ukurasa kwenye jalada la kikundi, ili kamati ya mwaka unaofuata ianzie hapo badala ya kuanza upya.